Gaston Planté

Gaston Planté (jina kamili: Raimond Louis Gaston Planté, Orthez, 22 Aprili 1834 – Bellevue karibu na Paris, 21 Mei 1889) alikuwa mwanafizikia wa Ufaransa. Anakumbukwa hasa kwa sababu mnamo mwaka 1859 alibuni betri ya risasi na asidi. Hiyo ilikuwa betri ya kwanza yenye manufaa ambayo umeme wake ukiisha inaweza kuchajiwa na kutumiwa tena.

Betri za aina hiyo zinatumika mpaka leo kuwasha injini za magari, kuhifadhi umeme wa jua majumbani na kulinda hospitali na mitambo ya simu wakati umeme unapokatika. Planté alichunguza pia namna ya kuunganisha seli nyingi pamoja, jambo ambalo bado ni la lazima kwa kila anayeunda betri ya baiskeli, pikipiki au gari la umeme.

Maisha ya awali

Planté alizaliwa Orthez, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Ufaransa, si mbali na milima ya Pirenei. Mdogo wake, Francis Planté (1839–1934), alikuwa mpiga piano mashuhuri aliyeishi muda mrefu kiasi cha kurekodi santuri mwaka 1928 akiwa na umri wa miaka 89.

Gaston alipokuwa bado mtoto familia ilihamia Paris, naye akapata elimu yake huko. Mwaka 1854, akiwa na umri wa miaka 20, aliajiriwa kama msaidizi wa maabara katika Conservatoire des Arts et Métiers, taasisi ya Paris inayofundisha sayansi na ufundi. Huko alifanya kazi chini ya Edmond Becquerel, mwanafizikia aliyegundua mwaka 1839 kwamba mwanga unaweza kuzalisha umeme, yaani msingi wa paneli za sola za leo. Henri Becquerel, mwana wa Edmond, ndiye aliyegundua unururifu mwaka 1896.

Kazi ya msaidizi ilikuwa kuandaa vifaa vya majaribio, na kwa njia hiyo Planté alipata ustadi wa mikono uliomfaa maisha yake yote. Mwaka 1860 alianza kufundisha fizikia katika Association polytechnique, chama kilichotoa elimu kwa watu wa kawaida.

Ugunduzi wa ndege wa kale

Kabla ya kujulikana kwa kazi ya umeme, Planté alipata jina katika elimu ya visukuku. Mwaka 1855 alikuta mifupa ya ndege mkubwa katika tabaka za ardhi za Meudon, karibu na Paris. Ndege huyo, ambaye hakuweza kuruka, aliishi zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita. Wataalamu walimpa jina la Gastornis, maana yake "ndege wa Gaston", kwa heshima ya kijana aliyemgundua. Kwa muda mrefu Gastornis alidhaniwa kuwa mla nyama, lakini siku hizi wataalamu wengi humwona kuwa alikula mimea.

Betri kabla ya Planté

Betri ya kwanza ilitangazwa na Mwitalia Alessandro Volta mwaka 1800. Baadaye zilitokea betri zilizo bora zaidi, kama ile ya Mwingereza John Frederic Daniell (1836) na ile ya Mjerumani Robert Bunsen (1841). Betri hizo zote zilikuwa na kasoro moja: umeme wake ulitokana na kuliwa kwa metali, kwa kawaida zinki, ndani ya asidi au chumvi. Zinki ikiisha, mwenye betri alilazimika kununua nyingine na kumwaga kimiminika cha zamani. Betri ya Bunsen ilitoa pia mvuke wenye sumu kutokana na asidi ya nitriki iliyomo. Kwa sababu hizo umeme ulikuwa ghali, na matumizi yake makubwa yalikuwa telegrafu na kupaka vyombo fedha au dhahabu.

Hata hivyo, dalili ya njia nyingine ilikuwepo. Mwaka 1801 Mfaransa Nicolas Gautherot aliona kwamba nyaya mbili zilizotumika kupitisha umeme katika maji ya chumvi hutoa zenyewe umeme kidogo, wa mwelekeo wa kinyume, baada ya kutenganishwa na betri. Mwaka 1803 Mjerumani Johann Wilhelm Ritter alitengeneza nguzo ya mabamba ya shaba iliyoonyesha jambo hilohilo. Jambo hili liliitwa mkondo wa pili. Kwa watu wengi lilikuwa usumbufu tu, kwa sababu lilipunguza nguvu ya betri za kawaida. Mwaka 1854 Mjerumani Wilhelm Josef Sinsteden aliona kwamba mabamba ya risasi ndani ya asidi ya sulfuriki hutoa mkondo wa pili wenye nguvu, ila hakuendelea na utafiti huo mpaka kupata chombo cha kutumika.

Uvumbuzi wa mwaka 1859

Planté alianza kwa kulinganisha metali. Alichukua nyaya za shaba, fedha, bati, risasi, alumini, chuma, zinki, dhahabu na platini, akazitumbukiza kwa zamu katika maji yenye asidi ya sulfuriki, akapitisha umeme, kisha akapima mkondo uliorudi. Aliona kwamba risasi iliyapita madini mengine yote: mkondo wake wa pili ulikuwa na nguvu kubwa zaidi na ulidumu muda mrefu zaidi. Hivyo, kitu ambacho wenzake walikiona kama hasara, yeye alikigeuza kuwa ghala la umeme.

Chombo chake kilikuwa rahisi. Alichukua mabamba mawili marefu na membamba ya risasi, akayatenganisha kwa kitambaa, na baadaye kwa vipande vya mpira, ili yasigusane. Kisha aliyakunja pamoja kama mkeka na kuyatia ndani ya mtungi wa kioo wenye maji yaliyochanganywa na asidi ya sulfuriki ya kiasi cha asilimia 10. Kwa kuyakunja, alipata eneo kubwa la risasi ndani ya nafasi ndogo, na mabamba yalikaa karibu sana. Kwa hiyo upinzani wa ndani ulikuwa mdogo, na chombo kiliweza kutoa mkondo mkubwa kwa ghafla. Sifa hiyo ndiyo inayoifanya betri ya risasi ifae mpaka leo kwa kuzungusha injini ya gari wakati wa kuiwasha.

Mnamo Machi 1860 Planté alionyesha mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris betri ya seli 9 za aina hiyo.

Jinsi inavyofanya kazi

Betri ya risasi inapochajiwa, bamba chanya hufunikwa na dioksidi ya risasi yenye rangi ya kahawia, na bamba hasi huwa risasi tupu yenye vitundu kama sifongo. Betri inapotumika, mabamba yote mawili hugeuka polepole kuwa sulfati ya risasi, na asidi iliyomo majini hupungua. Kwa sababu hiyo fundi anaweza kujua hali ya betri kwa kupima uzito wa maji yake: betri iliyojaa huwa na maji mazito, na iliyokwisha huwa na maji mepesi. Mabadiliko hayo ya kikemia yalielezwa na Waingereza John Hall Gladstone na Alfred Tribe mwaka 1882, zaidi ya miaka 20 baada ya Planté kuyatumia.

Kila seli hutoa takriban volti 2. Betri ya gari ya volti 12 ina seli 6 zilizounganishwa kwa mfululizo ndani ya sanduku moja.

Kazi ya kuiandaa betri

Seli mpya ya Planté haikuwa na nguvu kubwa. Risasi laini iliyotoka kiwandani ilibadilika juujuu tu, na umeme uliohifadhiwa ulikwisha upesi. Planté aligundua kwamba uwezo wa seli uliongezeka kila ilipochajiwa na kutumiwa. Kila mzunguko ulifanya asidi ipenye ndani zaidi ya bamba na kulipa vitundu vingi, na hivyo eneo lililofanya kazi liliongezeka.

Aliufanya ugunduzi huo kuwa utaratibu kamili. Alichaji seli kwa muda mfupi, akaiacha itoe umeme wake, akageuza mwelekeo wa mkondo na kuchaji tena, kila mara kwa muda mrefu kidogo kuliko kwanza. Baadaye aliipumzisha kwa siku kadhaa, kisha kwa wiki, kisha kwa miezi, huku akirudia kuchaji katikati. Kuandaa seli nzuri kuliweza kuchukua miezi mingi. Mwaka 1882 alieleza njia ya kufupisha kazi hiyo kwa kuloweka mabamba kwanza katika asidi ya nitriki iliyochanganywa na maji.

Utaratibu huo ulikuwa nguvu na udhaifu wa betri yake kwa wakati mmoja. Mabamba yaliyoandaliwa kwa subira yalidumu sana, na betri zenye mabamba chanya ya aina ya Planté ziliendelea kutengenezwa katika karne ya 20 kwa ajili ya vituo vya umeme na mitambo ya simu. Lakini gharama ya muda na ya umeme iliyotumika ilizuia betri hiyo kuwa bidhaa ya watu wengi wakati wa miaka 20 ya kwanza.

Kuunganisha seli: sambamba na mfululizo

Planté alikuwa na shida nyingine: hakukuwa na mashine nzuri ya kuchajia. Alilazimika kutumia betri za Bunsen. Seli moja ya Bunsen hutoa karibu volti 1.9, nayo haitoshi kuchaji seli ya risasi ambayo inahitaji zaidi ya volti 2. Seli mbili za Bunsen zinatosha kwa seli moja ya risasi, lakini hazitoshi kwa seli 20 za risasi zilizopangwa kwa mfululizo, kwa kuwa hizo zingehitaji zaidi ya volti 40.

Alilitatua tatizo hilo kwa swichi ya kuzunguka. Swichi ilipokaa upande mmoja, iliunganisha seli zote sambamba: ncha chanya zote pamoja, na ncha hasi zote pamoja. Kwa namna hiyo seli mbili tu za Bunsen ziliweza kuzichaji seli 20, ingawa polepole. Swichi ilipogeuzwa, seli zilezile zilijipanga kwa mfululizo, yaani chanya ya moja kwenye hasi ya inayofuata, na volti zake zikajumlishwa kufikia takriban 40. Kazi iliyowekwa kidogokidogo kwa saa nyingi ilitolewa kwa muda mfupi na kwa nguvu kubwa.

Mpangilio huo ulikuwa na faida nyingine. Seli zilizounganishwa sambamba hupata volti sawa wakati wote wa kuchajiwa, na kwa hiyo hakuna inayotangulia kujaa kupita kiasi huku nyingine ikibaki nyuma. Seli zinapochajiwa kwa mfululizo, mkondo uleule hupita katika zote. Ile dhaifu hujaa mapema na huendelea kusukumwa mpaka nyingine zijae. Tofauti hiyo imekuwa na umuhimu mkubwa zaidi katika betri za kisasa.

Matumizi ya kwanza

Katika miaka ya 1860 na 1870 betri ya Planté ilipata wateja katika kazi zilizohitaji umeme mwingi kwa muda mfupi. Madaktari waliitumia kupasha moto waya wa platini wa kuchomea vidonda na uvimbe. Fundi wa Paris Gustave Trouvé aliitumia katika kifaa chake cha kumulikia ndani ya mwili wa mgonjwa. Planté mwenyewe alitengeneza kiberiti cha umeme alichokiita kiberiti cha Saturni, kwa kuwa wanaalkemia wa zamani walihusisha risasi na sayari ya Saturni. Kilikuwa kisanduku chenye seli ndogo iliyopasha moto waya mwembamba mpaka uwashe mshumaa.

Hali ilianza kubadilika pale Mbelgiji Zénobe Gramme alipotengeneza dainamo yake mnamo mwaka 1870. Sasa umeme uliweza kuzalishwa kwa kuzungusha mashine badala ya kula zinki. Katika majaribio ya miaka ya 1870 Planté aliunganisha betri yake na mashine ya Gramme iliyozungushwa kwa mkono. Mkono ulipoachwa, betri ilirudisha umeme na kuifanya mashine iendelee kuzunguka yenyewe kama mota. Hapo ilionekana wazi kwamba nguvu ya mzunguko inaweza kuwekwa akiba na kurudishwa. Ni njia hiyohiyo inayotumiwa leo na magari ya umeme yanapojichaji wakati wa kupunguza mwendo.

Mwaka 1881 Trouvé alifunga mota ndogo na seli za aina ya Planté juu ya baiskeli ya magurudumu matatu iliyotengenezwa Uingereza, akaiendesha katika mtaa wa Paris. Chombo hicho huhesabiwa kati ya magari ya kwanza ya umeme yaliyobeba betri ya kuchajiwa, na kwa hiyo ni babu wa baiskeli za umeme za leo.

Majaribio ya umeme wa volti kubwa

Planté aliendelea kuongeza idadi ya seli mpaka kufikia 800. Zikiwa kwa mfululizo, zilitoa angalau volti 1,600, kiasi kikubwa sana kwa wakati huo. Kwa nguvu hiyo alichunguza miali ya mwanga juu ya maji ya chumvi na mipira midogo ya moto iliyotembea juu ya vifaa vyake. Aliilinganisha na radi ya mpira, na alitafuta katika maabara maelezo ya vimbunga vya maji, mianga ya ncha za dunia na mambo mengine ya angani. Baadhi ya maelezo yake hayakukubaliwa na sayansi ya baadaye, lakini majaribio yenyewe yalikuwa ya uangalifu. Katika kazi hiyo alikuta pia njia ya kuchora juu ya kioo kwa ncha ya umeme ndani ya maji yenye chumvi ya nitrati.

Mwaka 1877 alitumia tena wazo lake la sambamba na mfululizo. Alitengeneza mashine yenye kapasita nyingi za karatasi za mika zilizofunikwa kwa bati, na silinda ya kuzunguka yenye vigusio. Silinda ilipozunguka, kapasita zilichajiwa zote sambamba kutoka kwa seli 800, kisha zikatoa umeme wake kwa mfululizo. Matokeo yalikuwa cheche ndefu kama zile za mashine za umemetuamo. Mjerumani Erwin Marx alitumia msingi uleule mwaka 1924 katika jenereta inayojulikana kwa jina lake, ambayo bado hutumika kupima vifaa vya umeme dhidi ya radi.

Utafiti wake wa miaka 20 alioukusanya katika kitabu kuhusu umeme ulitolewa mwaka 1879.

Betri kuwa bidhaa

Kikwazo cha muda mrefu wa kuandaa mabamba kiliondolewa na Mfaransa mwingine, Camille Faure. Mwaka 1880 na 1881 alionyesha kwamba inatosha kupaka mabamba ya risasi uji mzito wa oksidi nyekundu ya risasi na asidi. Uji huo uligeuka upesi kuwa kitu kilekile ambacho Planté alikipata kwa miezi. Mnamo Mei 1881 sanduku la seli za Faure lililojazwa umeme Paris lilisafirishwa hadi Glasgow, Uskoti, kwa mwanafizikia William Thomson, aliyeitwa baadaye Lord Kelvin, naye alilipima na kusifu uwezo wake. Muda mfupi baadaye wavumbuzi wengine waliweka uji ndani ya vitundu vya wavu wa risasi ili usibanduke. Huo ndio muundo wa betri nyingi za magari hadi sasa.

Betri ya Faure ilikuwa nyepesi na ya bei nafuu zaidi kwa umeme uleule, lakini uji wake ulibanduka na kuanguka chini ya chombo, na maisha yake yalikuwa mafupi. Kwa hiyo mnunuzi wa miaka ya 1880 alikuwa na uamuzi wa kufanya: uzito mdogo au maisha marefu. Planté aliishi mpaka kuona viwanda vya betri vikianzishwa Ulaya na Marekani.

Planté alifariki Bellevue, katika eneo la Meudon, tarehe 21 Mei 1889, akiwa na umri wa miaka 55.

Urithi

Miaka 10 baada ya kifo chake, tarehe 29 Aprili 1899, Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha gari la umeme lenye betri za risasi kwa mwendo wa kilomita 105.88 kwa saa karibu na Paris. Lilikuwa gari la kwanza la barabarani kupita kilomita 100 kwa saa. Magari ya petroli yalishinda baadaye, lakini yalibaki yakiihitaji betri ya risasi: mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilianza kuuza magari yenye kiwashio cha umeme, na mkono wa kuzungushia injini ukaanza kutoweka. Katika vita kuu zote mbili nyambizi ziliendeshwa chini ya maji kwa betri za risasi.

Katika Afrika ya Mashariki betri ya gari imetumika kwa miaka mingi kuendesha redio na televisheni katika nyumba zisizo na umeme wa gridi, na baadaye kuhifadhi umeme wa paneli za sola. Betri hizo huharibika mapema zikiachwa zimekwisha chaji kwa muda mrefu, kwa kuwa sulfati ya risasi hugeuka kuwa fuwele ngumu zisizorudi tena. Ni tatizo la kemia ileile ya Planté: risasi hudumu ikichajiwa kwa wakati.

Risasi ni sumu. Ikiingia mwilini hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, hasa kwa watoto. Katika mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa, Kenya, wakazi walidhuriwa na risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido, aliyeongoza kampeni ya kukifunga, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Betri ya risasi iliyokwisha haifai kuvunjwa nyumbani, wala maji yake kumwagwa ardhini.

Kutoka risasi hadi lithiamu

Baiskeli na pikipiki nyingi za umeme za karne ya 21, zikiwemo bodaboda za umeme zinazoonekana katika miji kama Nairobi na Kigali, hutumia betri za lithiamu kwa sababu ni nyepesi zaidi. Lakini zimeleta upya swali la Planté la kuunganisha seli.

Betri ya risasi yenye maji huvumilia kuchajiwa kupita kiasi kidogo. Seli iliyojaa kwanza hutumia umeme wa ziada kuyagawanya maji kuwa hidrojeni na oksijeni, na seli zilizobaki nyuma hupata nafasi ya kuifikia. Kwa sababu hiyo maji hupungua na huhitaji kuongezwa, na chumba cha kuchajia kinapaswa kuwa na hewa ya kutosha kwa kuwa hidrojeni hulipuka. Seli ya lithiamu haina njia hiyo. Ya aina ya kawaida haipaswi kupita volti 4.2, na ile yenye fosfati ya chuma haipaswi kupita takriban volti 3.65. Ikizidishwa inaweza kupata moto, na ikiachwa kushuka chini sana huharibika.

Kwa hiyo kila betri ya lithiamu yenye seli za mfululizo huwekewa mfumo wa usimamizi wa betri. Huu ni ubao wa kielektroniki unaopima kila seli, kukata umeme hatari inapokaribia, na kupunguza chaji ya seli zilizotangulia ili zilingane na nyingine. Betri ya baiskeli ya volti 48 huwa kwa kawaida na vikundi 13 vya seli kwa mfululizo, na ikijaa hufikia volti 54.6. Ubao wake lazima uwe wa idadi hiyohiyo ya vikundi na wa kemia hiyohiyo, na uweze kubeba mkondo mkubwa kuliko ule wa juu unaovutwa na kidhibiti cha mota.

Katika kuunganisha, waya mnene wa ubao hufungwa kwanza kwenye ncha hasi ya betri. Waya nyembamba za kupimia hufuata kwa mpangilio, kuanzia hasi hadi chanya ya mwisho, waya 14 kwa vikundi 13. Kabla ya kuchomeka plagi yake kwenye ubao, fundi hupima kwa voltimita: kila waya unapaswa kuonyesha ongezeko la kikundi kimoja tu juu ya ule uliotangulia. Waya mmoja ukikosewa nafasi, ubao unaweza kuungua papo hapo. Kazi ambayo Planté aliifanya kwa kugeuza swichi yake kwa mkono, yaani kuzilinganisha seli zinapochajiwa na kuzijumlisha zinapotumika, sasa hufanywa na ubao huo mdogo kwa kila kikundi.

Heshima

Planté alitunukiwa nishani ya Légion d'honneur ya Ufaransa. Jina lake limebaki katika bamba la betri la aina ya Planté na katika ndege wa kale Gastornis. Akademia ya Sayansi ya Paris ilikuwa na tuzo iliyoitwa Prix Planté, iliyotolewa kwa kazi bora katika elimu ya umeme. Mmoja wa walioipata ni Pierre Curie, mwaka 1895.